Jinsi ya kuandika mchezo wa tanzia ambao shujaa wake ni mtu wa kawaida wa mtaani kwetu

Kama unaandika mchezo wa steji, uwe wa skuli au wa kikundi cha vijana wa shehia au hata wa redio, na unataka watu waumie kwa ajili ya mtu ambae si sultani, si waziri, si shehe mkubwa, ni baba tu anaekaa barazani na kofia yake, basi soma mpaka mwisho, nimeandika kwa urefu maana jambo hili nalipenda na naona tunaliharibu. Mifano yangu ntaitoa Pemba na Unguja kwa sababu ndo ninakokujua, we ukiwa kwengine toa karafuu weka korosho au samaki, kazi ni ile ile.

Tatizo ninaloliona kwenye skripti nyingi za vijana wetu ni kwamba mtu wa kawaida akiwekwa kati anakuwa wa kuonewa tu. Anaumwa, anafukuzwa kazi, nyumba inaungua, mtoto anazama, mke anaondoka, mwisho anakufa, watu wanatoa machozi halafu wanarudi makwao na wiki ijayo hawakumbuki hata jina lake. Huo ni msiba, na misiba sisi visiwani tunaijua, tumewalilia watu wa Spice Islander mwaka 2011 na wa Skagit mwaka uliofuata, hakuna anaehitaji kuja ukumbini kuelezwa kwamba msiba unauma. Kinachofanya tanzia ni kwamba yule mtu alikuwa na mlango wa kutokea, aliuona, na hakutoka, na sababu iliyomfanya asitoke ni kitu ambacho wewe unaetazama unakiheshimu. Karibu kila ntakachosema hapa chini kinatoka kwenye hilo.

Historia kidogo, maana inasaidia kujua unagombana na nani. Aristotle, yule Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Masihi, alisema mtu wa kwenye tanzia awe mwenye jina na neema kubwa, asiwe mwema wa kupindukia wala muovu, aanguke kwa sababu ya kosa fulani alilolifanya na si kwa ubaya wa roho. Ndo tukapata wafalme kama Oedipus wa Thebes, akaja Shakespeare na majemadari wake, na sisi tukamsoma Juliasi Kaizari kwa Kiswahili Mwalimu Nyerere alipomfasiri mwaka 1963. Hoja ya watu wa zamani ilikuwa mkubwa akianguka nchi nzima inatikisika, mdogo akianguka nani anajua. Halafu mambo yakaanza kugeuka kidogo kidogo. Kijana wa Kijerumani, Georg Büchner, alipokufa mwaka 1837 aliacha mchezo haujamalizika kuhusu Woyzeck, askari wa cheo cha chini kabisa, na huyo Woyzeck alitokana na mtu wa kweli aliyekatwa kichwa Leipzig mwaka 1824 kwa kumuua mwanamke wake, na mchezo wenyewe ulikaa mpaka 1913 ndo ukapanda steji mara ya kwanza. Henrik Ibsen wa Norway akaleta mambo mazito ndani ya sebule, mke na mume na deni la siri. Na tarehe 10 Februari 1949 New York, mwandishi wa michezo Arthur Miller akamsimamisha stejini Willy Loman, mzee wa miaka 63, mchuuzi wa kuzunguka na mabegi yake, amechoka, hana akiba, na hata kampuni aliyoitumikia maisha yake yote haimtaki tena. Wapo waliosema mtu kama huyu hawezi kubeba tanzia, na mwezi huo huo Miller akaandika kwenye gazeti la New York Times kwamba mtu wa kawaida anafaa kwa tanzia kama wafalme walivyofaa, kwa sababu kinachotugusa ni kumuona mtu yuko tayari kuutoa uhai wake ili alinde kitu kimoja tu, heshima yake mbele ya nafsi yake.

Hapo kwenye heshima tulia kidogo. Hatuzungumzii cheo, wala kuitwa mheshimiwa. Ni ile picha mtu aliyojichorea, kwamba mimi ni mtu wa namna fulani, na nikiacha kuwa hivyo sina tena sababu ya kukaa na watu. Kila mtu mtaani kwako anayo, muulize muuza kahawa, muulize mama anaelima mwani Jambiani au Paje, ambae ile mbegu yenye bei nzuri, cottonii, inamfia kwa maji kuwa moto na bado anashuka pwani na kamba zake kila bamvua kwa sababu yeye ni mtu wa kuvuna mwenyewe na kula cha jasho lake. Kwa hiyo kabla hujaandika hata mstari mmoja, jibu hili: mtu wako ni nani machoni mwake mwenyewe? Usianze na shida zake. Shida zitakuja zenyewe, utazikuta hata hujazitafuta.

Sasa nitamjenga mtu hapa mbele yenu ili muone inavyokwenda. Tumwite Mzee Faki, ni mtu wa kubuni, yuko kijijini Pemba, ana miaka sitini hivi, mkewe Bi Asha, mwanawe mkubwa Kombo. Faki ni mtu wa amana. Mnaelewa mtu wa amana kijijini ni nani, watu wakiwa na vijipesa vyao hawaendi benki wanampelekea yeye, anavifunga kwenye kitambaa, anaandika kwenye daftari, na siku ukivitaka unavikuta hata noti ni zile zile. Hicho ndo kitu chake, hana shamba kubwa, hana gari, hana mtoto Ulaya, ana hiyo tu. Na kuna bibi mmoja, Bi Time, kamuwekea pesa za Hija, kazikusanya miaka na miaka kwa kuuza vitumbua na kusuka mikeka.

Faki kakodi mikarafuu ya msimu. Wasiojua, karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, na mtu anaweza kukodi miti ya mtu mwengine kabla ya kuchuma, unalipa kwanza, ukichuma faida yako, usipopata shauri lako. Miti ilikuwa imechanua vizuri, pesa zake hazikutosha, akachukua kwenye amana ya Bi Time, kwa nia safi kabisa ya kurudisha, akijua msimu ukiisha anaiweka pale pale na hakuna atakaejua. Msimu ukawa mdogo. Na karafuu zina tabia hiyo, mwaka huu zinajaa mpaka matawi yanainama, mwaka wa pili unapanda juu mti mzima unashuka na pakacha halijajaa. Na kwa sheria karafuu zote zinanunuliwa na shirika moja la serikali, ZSTC, kwa bei iliyopangwa, wakati ng'ambo ya pili, pwani ya Kenya, mara nyengine bei iko juu, na dau la usiku linafika.

Kuna kitu kimoja zaidi, nacho ndo kinaubeba mchezo. Miaka kadhaa nyuma jirani yake, Hamadi, alipeleka karafuu za magendo, na aliyesimama barazani mbele ya sheha, yule kiongozi wa shehia, akamtaja ni Faki. Hakumtaja kwa chuki. Alisema mimi niliona na siwezi kusema sikuona. Hamadi akafungwa, dau lake likachukuliwa. Angalia sasa, kile kile kinachomfanya Faki aheshimiwe ndo kitakachokuja kumvunja, sikumpa kilema kando, sikumfanya mlevi wala mcheza kamari, kosa lake limo ndani ya wema wake. Ukilipata hilo kwa mtu wako, nusu ya mchezo ishaandikwa.

Hatua inayofuata ndo ninayoitaka muishike kuliko zote, mfungulie milango. Waandishi wachanga wanaogopa sana kufanya hivi, wanadhani mtu akiwa na njia ya kutoka huruma inapungua. Inazidi! Oedipus anaambiwa na Tiresias yule mtabiri kipofu aache kuuliza, anaombwa na mkewe Jocasta, anaombwa mpaka na yule mchungaji mzee, na yeye anaendelea kuuliza kwa sababu ni mfalme aliyeahidi kuiokoa nchi yake na tauni. Willy Loman jirani yake Charley anampa kazi ya dola 50 kwa wiki, kazi ya kweli kabisa, anaikataa, pesa za kukopa kwa huyo huyo Charley anachukua lakini kazi hataki. Ukimuona anakataa ndo unamjua. Na kwenye tamthilia ya Kiswahili tunae Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, mchezo wa 1969 kuhusu vita vya Majimaji, mwisho pale anatakiwa aseme neno moja tu kwamba maji yalikuwa uongo na hasemi, kwa sababu anajua watakaozaliwa baadae wataambiwa mapambano yenyewe yalikuwa makosa.

Kwa Faki mimi ningempa milango mitatu, yote baada ya Alasiri siku ile ile. Bi Time anakuja mwenyewe na mkoba wake, anauliza kwa upole, vipi Faki mwanangu, ile amana yangu, wameniambia mwisho wa kulipa umekaribia. Hapo anaweza kusema nimeitumia, nisamehe. Anasema ipo Bi Time, kesho ntakuletea. Mlango wa kwanza huo, kaufunga yeye. Kisha Bi Asha anavua bangili zake, dhahabu aliyoolewa nayo, anaziweka kwenye jamvi juu ya karafuu zilizoanikwa, hasemi kitu, na Faki anaziokota anamvisha tena mkononi moja moja, maana kwake mwanamme hauzi dhahabu ya mkewe. Onesho hilo lichezwe taratibu, lisiharakishwe hata kidogo, kuna mapenzi mle ndani na hapo hapo kuna maangamizi. Na baada ya Isha Kombo anasimama mlangoni na magunia yashapakiwa, anasema, baba, sema nisiende nisiende. Faki ananyamaza. Anaendelea kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Kombo anasubiri, anasubiri tena, anaondoka. Kunyamaza kule ni kitendo, na mwigizaji wako akikielewa watu wote ukumbini wataacha kupumua.

Mmeona hakuna hata mlango mmoja nilioufunga mimi mwandishi, hakuna gari iliyokuja kumgonga mtu, hakuna barua iliyopotea. Ajali iweke mwanzo kama unaitaka, msimu mbaya ni ajali, nao ushatokea kabla pazia halijafunguliwa. Kuanzia hapo kila kitu kitoke mikononi mwa watu.

Halafu geuko. Alfajiri habari zinafika, KMKM, kile kikosi cha kuzuia magendo, wamelikamata dau, waliokuwemo wamejitupa majini wamekimbia, magunia yamebaki, sheha anakuja barazani kuuliza ya nani. Kila mtu pale anajua na kila mtu kanyamaza, maana Faki ni mtu wao. Na anaesimama ni nani, Hamadi, yule yule.

SHEHA: Magunia sita, jamani. Hayana mwenyewe?
HAMADI: Niandike mimi, Sheha.
SHEHA: Wewe Hamadi?
HAMADI: Mimi nshaandikwa mara moja. Jina langu lishachafuka, la mwenzangu bado. Niandike.
FAKI: Si zake.
HAMADI: Faki, yakhe, nyamaza.
FAKI: Ninyamaze vipi Hamadi? Yako niliyasema hapa hapa, kwa mdomo huu huu. Leo yangu niyanyamazie?
HAMADI: Mimi nshakusamehe zamani.
FAKI: Karafuu ni zangu, Sheha. Na aliyezipakia ni Kombo.

Tizameni alichofanya. Jana kutwa ukweli ulikuwa unamuokoa na hakuusema. Leo ukimya unamuokoa, yeye na mwanawe, na anausema ukweli, tena wote, maana kwake nusu ya ukweli ni uongo. Na hayo maneno mawili ya mwisho, ni Kombo, ndo yanayomfunga mwanawe. Unaweza kumchukia pale, wapo watakaomchukia, mama wengine wataguna kwa sauti, waache wagune. Na bado huwezi kusema ni mtu mbaya. Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliona tanzia nzito ni pale haki mbili zinapogongana, na hapa zimegongana ndani ya kifua cha mtu mmoja, haki ya mtoto kwa babake na haki ya ukweli.

Bado kuna kitu, Aristotle alikiita kutambua, mtu anapojua kile ambacho hakukijua. Kombo kashachukuliwa, Bi Time anakuja, kashasikia yote, anasema, ungeniambia tu Faki, Hija haimpasi asiekuwa na uwezo. Basi. Amesema jambo analolijua kila mtoto wa chuoni. Faki anagundua kwamba mlango wa kwanza ulikuwa wazi kabisa, haukuwa hata na komeo, na hakuna aliyekuwa anamdai ile heshima kwa bei ile isipokuwa yeye mwenyewe. Usimpe hotuba hapo. Nimeona michezo mizuri inaharibiwa na hotuba ya dakika tano shujaa akijieleza alivyokosea, mtu aliyepigwa kweli hana maneno mengi.

Sasa kuhusu ile nguvu kubwa. Kwa Wagiriki kulikuwa na miungu na utabiri, kwenye michezo ya kisasa pale pamekaliwa na pesa, sheria, kazi, urithi wa damu, maneno ya watu. Kwetu sisi watazamaji wako watasema ni kadari, na ni sawa, wahusika wako nao waseme hivyo, ndivyo watu wanavyosema na ndivyo wanavyoamini na mimi naamini. Lakini mchezo uoneshe na mkono wa mtu. Kadari haimzuii Faki kufungua mdomo Alasiri ile. Na usimgeuze sheha wala askari kuwa shetani, nakuomba sana, ukimfanya sheha mkatili tu basi lawama zote zinamwendea yeye na shujaa wako anarudi kuwa wa kuonewa. Sheha wangu ni mtu mwema anaefanya kazi yake na anaetamani Faki anyamaze, tena anachelewesha kuandika makusudi, anatafuta kalamu iliyo mfukoni mwake. Bei, sheria, msimu, vyote viwepo na viminye kweli kweli, mtazamaji aondoke anajiuliza kwa nini mkulima abanwe hivi, ila vibaki pembeni ya mtu, visimfunike. Woyzeck yule wa Büchner kabanwa na kila mtu, daktari anamlisha njegere tupu kwa majaribio yake, kapteni anamdharau, mwanamke wake kachukuliwa, na watu hadi leo wanabishana kama ni shujaa au ni muathirika tu. Ni mchezo mkubwa naupenda, lakini kwa mtu anaeandika tanzia yake ya kwanza simshauri aufuate, anahitaji mkono mzoefu sana ili mtu aliyebanwa hivyo abaki ana nafsi yake.

Baraza ndo kwaya yako. Wagiriki walikuwa na kundi la waimbaji, Sophocles alitumia watu 15, wanaimba na kusemezana na shujaa na kuwasemea watu wa mji. Wewe wanakutosha watatu wanne, wazee wa bao na muuza kahawa na dele lake. Wamseme Faki kabla hajaingia, wamsifu, mmoja amuapie kabisa, ili akiingia tuione ile heshima imemkalia kichwani. Baadae wale wale waanze kusita. Na muuza kahawa akawe mleta habari, kwenye michezo ya Kigiriki vifo na damu kwa kawaida vilikuwa nje ya macho, anakuja mtu mmoja anasimulia, na kwetu anaezunguka mtaa mzima Alfajiri akazijua habari mapema ni nani kama si yeye. Hutohitaji bahari kwenye steji wala boti ya KMKM, utahitaji mtu mmoja mzuri wa kusimulia na vikombe vinavyomtetemeka.

Wakati uwe mfupi. Aristotle alisema tanzia inajaribu kwenda ndani ya mzunguko mmoja wa jua, na Ibsen kwenye mchezo wake wa mwaka 1881 kuhusu Bi Alving na mwanawe aliyerithi maradhi ya babake alifanya hivyo hivyo, mambo mengi yashafanyika miaka nyuma, mchezo wenyewe ni yale yanayofumuka siku ya mwisho. Kwa hiyo usianze Faki akiwa kijana. Anza Alasiri, maliza jua likichomoza, saa yako ni sala, mtu aseme tu Magharibi hiyo imeingia, watu wainuke, jamvi likunjwe. Adhana yenyewe usiitie kwenye spika kwa kupamba, ukumbi wetu wa kawaida uko karibu na msikiti, na si kitu cha kupambia mchezo.

Lugha, hapa ndo wengi wanateleza. Wakiambiwa tanzia wanaanza kuandika Kiswahili cha hotuba, ewe dunia, ewe mauti. Faki hasemi hivyo. Miller alimpa Willy maneno ya mtaani kwake Brooklyn, ya friji na gari na malipo ya nyumba, na ukubwa ukatoka humo humo. Mpemba aseme Kipemba, na kama wewe ni mtu wa mjini Unguja kaa na Mpemba akusahihishe, usimuigizie lahaja ili watu wacheke. Mazito yasemwe kwa mambo ya kazi, hizi hazijakauka bado, mvua ile inakuja tuanue, umezipima? Kuna onesho ningeliweka la familia nzima inaanua karafuu mbio mbio mvua inaanza, wote wanacheka, Kombo anateleza, na hiyo ndo mara ya mwisho tunawaona wakiwa pamoja wana furaha. Wanawake nao kwenye hadithi hizi wanafanywa wa kulia tu, usifanye hivyo, Bi Asha aseme kwa kanga aliyojifunga siku ile, chagua jina la kanga kwa makini na lisomeke kutoka viti vya nyuma, mashangazi wote ukumbini watalisoma kabla hajafungua mdomo.

Kuchekesha ruksa, tena lazima, hasa mwanzo. Watazamaji wetu wamelelewa na vichekesho na wakiingia wanataka kucheka, wape barazani kwenye bao, wacheke na Faki wampende. Wakizoea kucheka nae halafu mambo yakageuka inawauma zaidi.

Kufa je? Si lazima. Willy anakufa, kaigongesha gari yake makusudi akitaka familia ipate bima ya dola 20,000. Nora, yule mke mwenye deni kwenye mchezo wa Ibsen wa mwaka 1879, hafi, anafungua mlango anatoka. Bi Alving tunamuacha kasimama na dawa ya kumaliza uhai mkononi hatujui atampa mwanawe au hatompa. Mimi kwa mchezo wa kuoneshwa huku kwetu, wenye watoto wa skuli na wazee ndani, nasema usioneshe mtu anajiua, kwanza dini, pili kuna vijana wamekaa pale na yao moyoni, na tatu mchezo hauhitaji. Faki abaki hai. Akae pale pale barazani, kila mtu anamsalimia kwa adabu kama zamani, na hakuna anaemletea tena amana.

Ukimaliza drafti usiipeleke kwa waigizaji bado. Isome kwa sauti mbele ya watu wa kazi yenyewe, kama ni karafuu watafute wachumaji na wanawake wa kuchambua, kama ni uvuvi nenda dikoni jioni vyombo vikishapandishwa. Usiwaulize kama mchezo ni mzuri, watakwambia mzuri kwa sababu ni watu wa adabu. Waulize, huyu bwana mngemfanya nini? Wakianza kugombana wenyewe kwa wenyewe, mmoja anasema angenyamaza mwengine anasema asingeweza kumuachia Hamadi jela mara ya pili, mchezo uko hai, endelea. Wakisema masikini kaonewa, basi rudi nyumbani ukatafute mlango uliousahau kumfungulia.

Na siku ya onesho, ongea na MC mapema. Huwa wanapanda taa hazijazimwa vizuri, wanashika maiki na kueleza mchezo umetufundisha nini, ndugu zangu tusifanye magendo, tutunze amana. Mwambie asipande. Mstari wa mwisho ukisemwa taa zizimwe, zikiwaka waigizaji wote wawe washatoka, watu wainuke wenyewe wakabishane njiani.